Mwaka Tuliomsoma Samsoni

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Barnaba shambani kwake, upande wa Moi's Bridge, mahindi yakiwa yamefika kiunoni pande zote za kaburi. Karatasi ya ratiba ya mazishi ilikuwa na picha yake ya uzeeni na maisha yake katika aya nne: alizaliwa, akasoma, akafundisha, akawa hedimasta karibu na Eldoret, kisha akahamishwa kaskazini, ambako alifanya kazi mpaka alipostaafu. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya hema. Neno moja, akahamishwa, lilikuwa limebeba mwaka mzima, na sidhani kama kati ya waliokuwa pale walifika watatu waliojua kilichokuwa ndani yake. Sikuombwa kusema chochote, wala singependa kuombwa. Lakini nilipofika nyumbani niliona afadhali niandike. Mwaka ule hauniumi tena kama zamani. Naandika kwa sababu nikiondoka na mimi, habari yenyewe itabaki jinsi ilivyo kwenye ile karatasi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwalimu ambaye hajasomea ualimu, wa aina ile iliyokuwa ikiandikwa kwa muda huku ikingojea nafasi ya chuo. Nilipanga chumba Kimumu, nje kidogo ya Eldoret, kwa Mama Njoki, mjane aliyekuja kutoka upande wa Murang'a akiwa bado kijana na mume wake, akabaki na duka baada ya mume kufa. Nyumba ilikuwa ya mbao, mabati juu, na chumba changu kiligusana na duka. Kati yangu na rafu za unga na sabuni kulikuwa na ubao mmoja tu. Nilikuwa na kitanda, meza ya kusahihishia madaftari, stovu ya mafuta ya taa na kalenda ya kampuni ya mbegu. Kupitia ubao ule nilisikia kila kitu: nani amekosana na mke wake, ng'ombe wa nani amezaa, mvua imefika wapi. Asubuhi nilitembea kwenda shule nilikofundisha darasa la tatu, na hedimasta wangu alikuwa Mwalimu Barnaba, mtu mrefu, mpole wa sauti, mzaliwa wa huku huku Uasin Gishu, na tena mzee wa kanisa.

Kila Alhamisi baada ya shule, watu wanane au tisa tulikutana sebuleni kwa Mama Njoki kusoma Biblia. Sebule hiyo ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa alivyofuma mwenyewe, na harufu ya chai ya maziwa iliyochemshwa ikaiva hasa. Mama Njoki alileta mandazi kwenye bakuli kubwa la bati. Mzee Kimeli, mkulima wa ngano aliyekuwa na mguu mbaya tangu trekta limwangukie, alileta kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kuganda ya Wakalenjin, na kuwamiminia waliotaka, na wale wa kutoka Mkoa wa Kati walikunywa kwa adabu huku wakikunja uso kidogo. Mwalimu Barnaba ndiye aliyetuongoza. Mwaka ule, mwezi wa kwanza, alisema tutamsoma Samsoni, polepole, bila haraka ya kumaliza.

Sasa niseme habari ya mlolongo. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawahitaji kuelezwa, lakini vijana wanapaswa kujua kwamba kulikuwa na chama kimoja, na mwaka ule watu walichagua wagombea wake kwa kupanga foleni nyuma ya picha, mchana, uwanjani, kila mtu akimwona mwenzake. Shule yetu ilikuwa kituo. Mwalimu Barnaba aliwekwa kuwa msimamizi na mimi nikawa karani wake. Ilikuwa siku kavu ya Februari, vumbi jekundu, upepo. Mlolongo wa kwanza ulianzia kwenye goli, ukazunguka uwanja, ukapita vyoo vya wasichana na kuishia barabarani. Wa pili haukufika hata kwenye ile miti ya saiprasi iliyokuwa katikati. Mtoto wa darasa la kwanza angeona upi ni mrefu. Tulitembea pembeni ya watu tukihesabu vichwa, mimi nikiandika. Walisimama kimya, wengine wakinisalimia kwa macho, maana niliwafundisha watoto wao.

Kisha bwana mmoja aliyevaa kaunda suti ya kijivu akamwita Mwalimu Barnaba ndani ya darasa la tano. Mimi nilifuata na karatasi zangu kwa sababu hakuna aliyenikataza. Bwana yule hakupaza sauti. Alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kifuani.

"Mwalimu," alisema, "naona umechoka na jua. Umehesabu vibaya."

"Nimehesabu mara mbili, bwana."

"Basi mara zote mbili umehesabu vibaya. Shule hii umeijenga kwa miaka mingapi?"

Mwalimu Barnaba alitazama ubaoni, ambako palikuwa pamebaki hesabu za kugawanya za jana yake. Bwana yule akanigeukia. "Na wewe, dada, unangojea chuo, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. Hayo ndiyo yote yaliyosemwa. Hatukupigwa, hatukutishwa kwa bunduki. Mwalimu Barnaba aliniomba karatasi nyingine safi, akaniambia namba, nikaziandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, akatia sahihi, nami nikatia sahihi chini yake. Tulitoka nje akatangaza. Watu wa mlolongo mrefu walibaki wamesimama kwa muda, kama watu ambao hawajaelewa Kiswahili chake. Halafu mlolongo ulianza kukatika kutoka mkiani, mmoja mmoja, bila kelele, mpaka uwanja ukabaki na sisi na vumbi.

Jioni ile nilisikia duka kupitia ubao. Mwanamume mmoja alinunua mafuta ya taa, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama Njoki, ile laini yetu ilienda wapi?" Mama Njoki akasema, "Unataka chupa nzima ama nusu?" Nililala na viatu.

Jumapili iliyofuata sikwenda kanisani, wala iliyofuata hiyo. Sikuacha kumwamini Mungu. Niliacha kuongea naye tu, kama vile mtu anavyoacha kupita mbele ya nyumba ya yule aliyemkosea, akawa anazunguka njia ya mbali na kusema ni kwa ajili ya kunyoosha miguu. Nilisema nina madaftari. Nilisema nina homa. Alhamisi ndizo ambazo sikuweza kuzikwepa, kwa sababu mkutano ulikuwa nyumbani nilimopanga, na Mama Njoki angebisha mlango. Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti cha karibu na jikoni, nikisaidia kumimina chai, nikimsikiliza Mwalimu Barnaba akifundisha kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi ya dhambi yenyewe. Sauti yake ilikuwa ile ile. Alisali vizuri vile vile.

Tulianza na simba aliyeraruliwa kwa mikono mitupu, na asali ndani ya mzoga, na kitendawili cha harusini. Mzee Kimeli alifurahia simba. Lakini tulipofika mahali Samsoni alipowafunga mbweha mienge mikiani na kuwaachilia kwenye mashamba ya adui zake, alishika kichwa.

"Ngano iliyokomaa?" aliuliza.

"Iliyokomaa, mzee. Na nyingine ilikuwa imeshakatwa," alisema Mwalimu Barnaba.

"Basi huyo si shujaa. Mtu anayechoma ngano ya mtu mwingine siku ya kuvuna, hata kama wamekosana, mimi simpi mkono."

Tulicheka wote. Mama Njoki akauliza kwa nini Mungu amtumie mtu wa namna hiyo, mwenye hasira na mwenye kufuata wanawake, wakati Israeli lazima ilikuwa na wanaume watulivu. Mwalimu Barnaba alisema hilo ndilo swali, na kwamba yeye ameona Biblia haikumfunika Samsoni blanketi. Imemwacha hivyo alivyo. Nakumbuka aliposema hivyo alikunja kitambaa cha kiti kati ya vidole vyake, akakikunjua, akakikunja tena.

Mvua za masika zilikuja, watu wakapanda, matope ya Kimumu yakafika kwenye vifundo vya miguu. Mwezi wa Juni tulimfikia Delila. Mara tatu anamuuliza siri ya nguvu zake, mara tatu anadanganywa, na mara ya nne anaambiwa kweli. Ninakumbuka Alhamisi hiyo kwa sababu ya kitu kidogo. Mwalimu Barnaba alikuwa akisoma mahali Samsoni anapoamka akiwa amenyolewa, anajiambia atatoka ajinyooshe kama siku zote, wala hajui kwamba Mungu ameshamwacha. Alisoma hapo akanyamaza. Tulidhani anatafuta miwani. Akarudia kusoma, kwa sauti ya chini zaidi, kisha akafunga kitabu na kusema, "Mtu anaweza kuachwa na asijue. Anaamka, anavaa, anakwenda kazini." Akasema kichwa kinamuuma, tusali tumalize. Sala yake siku hiyo ilikuwa fupi. Nilimsindikiza mpaka langoni nikiwa na mwavuli. Nilijua anachokifikiria naye alijua ninachokifikiria, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumfariji mwenzake.

Miezi miwili ilipita, Alhamisi zikawa za kuimba na kusali tu, bila Samsoni. Jumapili moja ya Agosti, kanisa lilikuwa na wageni, na Mama Njoki aliniomba nimsaidie kubeba sufuria za chai na za githeri ya mahindi na maharagwe. Singeweza kumkatalia hilo. Tulibaki nje nyuma ya kanisa tukipanga vikombe juu ya meza, dirisha likiwa wazi juu ya vichwa vyetu. Mwalimu Barnaba alisimama kusoma matangazo. Alisoma harusi, akasoma mkutano wa akina mama, akasoma zamu ya kufagia. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya matangazo:

"Kuna jambo moja limebaki. Mlolongo ulioshinda pale shuleni mwezi wa pili si ule niliotangaza. Niliona, nikahesabu, nikatangaza mwingine. Niliambiwa nifanye hivyo, lakini mdomo ulikuwa wangu. Wengi wenu mlisimama kwenye mlolongo huo. Nawaomba msamaha, na nimemwomba Mungu."

Akaketi. Hakunitaja. Kisha mchungaji, ambaye alikuwa na familia yake ya kufikiria, akaanzisha wimbo mahali ambapo ratiba haikuwa na wimbo. Nilikuwa nimeshika vikombe viwili. Mama Njoki alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, uso wake umeinama kwenye sufuria. Alinipa mwiko, akasema, "Koroga, githeri isishike chini." Nilikoroga. Ningeweza kuingia mlangoni wakati huo na kusema na mimi nilikuwepo. Ilikuwa hatua kama kumi. Nimezihesabu mara nyingi tangu hapo.

Jumanne Land Rover ya serikali ilikuja kumchukua. Alikaa mjini siku tatu, akarudi akitembea polepole, hakusema walimfanyia nini, na mke wake alituomba tusiulize. Barua ya uhamisho ilifika wiki iliyofuata: shule ndogo kaskazini, mwendo wa siku mbili, naye si hedimasta tena. Nilikwenda kuwaaga. Mke wake alikuwa akifunga vikombe kwa magazeti ya zamani, na ukutani palibaki alama nyeupe mahali picha zilipokuwa zimetundikwa. Alinipa chai kwenye kikombe cha mwisho ambacho hakikuwa kimefungwa, nasi tukakinywea kwa zamu, mimi na mwalimu wangu, tukiwa tumeketi juu ya masanduku.

"Hukunitaja," nilisema.

"Sahihi yako si yangu, Prisca. Siwezi kuitubia."

"Nifanye nini, Mwalimu?"

"Sijui." Aliwaza. "Mimi nilidhani nikisema, nitakuwa mwepesi. Sijawa mwepesi. Nimemharibia mama huyu nyumba yake, unamwona. Lakini nikisali sasa, sisikii kama ninaigiza. Ni hilo tu nililopata. Siwezi kukuahidi kwamba litakutosha."

Nilingoja aongeze kitu, aya fulani, maneno ya kwenda nayo nyumbani. Aliuliza kama nimemaliza kusahihisha mitihani ya darasa la tatu.

Kwa wiki kadhaa Alhamisi hazikuwa na mkutano. Kisha siku moja ya Septemba Mama Njoki aliniita jikoni kula. Alikuwa amechemsha mahindi mabichi, na kwenye sufuria nyingine kulikuwa na mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi na mboga. Tulikaa kwenye viti vifupi karibu na jiko la makaa, mvua ikipiga mabati kiasi cha kutulazimisha kusogeleana ili tusikizane. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu kwa ustadi, kama somo, na yote yakanipotea. Nikasema tu, "Mama, zile karatasi za mlolongo, ni mimi niliyeziandika."

Aliendelea kupukuchua hindi lake kwa kidole gumba, mstari baada ya mstari.

"Najua," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mtu. Nilikuwa nimesimama pale kwa vyoo, nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni. Ulipita karibu yangu ukihesabu. Uliniguza bega hapa, ukaandika. Halafu hiyo namba yangu sikuiona tena."

Sikumkumbuka. Hilo lilinipiga zaidi ya maneno yake. Nilikuwa nimemgusa bega mwanamke ambaye nilikula chakula chake kila wiki, nikamwandika, nikamfuta, na sikuwa na kumbukumbu hata ya rangi ya leso yake.

"Kwa nini hukunifukuza?"

"Nilitaka. Mwezi wa tatu nilitaka sana. Nilikuwa nakuangalia ukichota maji, nasema, huyu leo atatoka." Aliweka mahindi kwenye sahani yangu. "Halafu nikaona unakonda. Nikasema, wacha nimngojee. Sasa umechukua miezi saba, Mwalimu. Ni mingi. Mimi si mtu wa subira sana."

Nililia, nadhani, lakini si kwa muda mrefu, kwa sababu alianza kula na ilinibidi nami nile. Usiku huo nilisali kwa mara ya kwanza tangu Februari. Haikuwa sala ya kuandikwa. Nilieleza nilichofanya, nikataja darasa la tano, dawati, karatasi safi, kama mtu anayetoa ripoti. Sikusikia sauti wala joto lolote moyoni. Nililala vizuri, na hilo pia sikulichukua kuwa ishara. Watu wengine husimulia kurudi kwao kwa Mungu kama radi. Kwangu mimi ilikuwa kama kurudi kazini baada ya kuugua: unaingia, unakuta kila mtu yuko mahali pake, na kiti chako hakijaondolewa.

Mama Njoki alisema habari haiwezi kuishia jikoni, maana hakuwa peke yake kwenye ule mlolongo. Akaitisha Alhamisi tena. Walikuja saba. Nilisimama karibu na mlango wa jikoni nikasema yote, bila kumlaumu bwana wa kaunda suti na bila kumtaja Mwalimu Barnaba zaidi ya alivyojitaja mwenyewe. Nilijua kwamba mmoja wao alikuwa shemeji ya chifu na kwamba maneno yatafika yanakofika. Yalifika. Orodha ya chuo ilipotoka mwaka uliofuata jina langu halikuwemo, wala mwaka wa pili, na nilisomea ualimu nikiwa mkubwa kuliko wenzangu wote darasani. Lakini siku hiyo sikuwa nikifikiria chuo. Nilikuwa nikimtazama Mzee Kimeli. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Nilifika pale saa moja asubuhi," alisema. "Na huu mguu. Kijana wangu aliniambia nikae nyumbani. Nikamwambia, mwenye miguu mizima asimamie miwili, na mimi nitasimamia huu wangu. Nilisimama mpaka saa saba. Ulikuwa unanijua. Ulikunywa maziwa yangu."

"Ndiyo, mzee."

"Haya."

Alichukua kibuyu chake, ambacho hakikuwa kimefunguliwa, akatoka. Tulisikia fimbo yake ikigonga mawe ya njiani mpaka ikapotea. Hakuna aliyemfuata, na nilishukuru kwamba hakuna aliyejaribu kunituliza. Wengine walinishika mkono wakaenda zao. Jumapili hiyo nilikwenda kanisani, nikaketi benchi la nyuma. Kiti cha Mzee Kimeli, mbele upande wa kulia, kilikuwa kitupu.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa watano. Mama Njoki alisema Samsoni hatuwezi kumwacha katikati, na kwa kuwa mwalimu hayupo, basi yule anayejua kusoma vizuri asome. Nilikuwa nimefungua Biblia juu ya magoti na kusoma aya chache za mahali tulipoachia, wanapomng'oa macho na kumfunga kwenye kinu, aliposukuma mlango Mzee Kimeli. Hakunisalimia. Alizunguka chumba akimpa kila mtu mkono, akaniruka, akaketi kwenye kiti cha mlangoni na kunyoosha ule mguu. Mama Njoki akamwekea chai. Alitafuta miwani yake kwenye mifuko yote ya koti, akaivaa, akafungua Biblia yake ya Kinandi iliyochakaa, akawa anafunua kurasa bila kuniangalia.

"Mmefika wapi?" aliuliza.

Nilingoja mtu mwingine ajibu.

"Yuko gerezani, mzee," nikasema. "Anasaga. Nywele ndiyo zimeanza kuota."

Alilamba kidole, akafunua ukurasa mmoja zaidi, akaweka kidole hapo. "Basi soma," akasema.